Hodi ya Nne

Munje,
Msambweni.
14 Machi, 1956

Mpendwa mdogo wangu Waziri,

Assalamu aleikum. U hali gani huko Unguja, na kile kifua chako kimepoa? Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi, lakini roho hazijatulia tangu Alhamisi.

Kumbe ulikuja! Ulikuja mpaka mlangoni pangu ukarudi!

Siku ile nilikwenda matangani kwa Bi Mwanaima, nikamwacha mwanao Mwanapili peke yake kwa mara ya kwanza. Nilimwona amekua: anateka maji, anachagua mchele, anasoma sura zake bila kukwama. Hofu yangu ilikuwa hawa mumiani, wanyonya damu wanaosemwa kila mahali. Nikamwambia ajifungie, na mtu akibisha anyamaze. Mwenye adabu akishapiga hodi tatu atakwenda zake.

Nawe, kwa adabu alizotufunza marehemu baba, ukapiga tatu ukaenda zako!

Niliporudi nilikuta kifurushi barazani, ndani viatu vya mtoto. Mwanapili akaniambia kwa majivuno, "Kuna mtu alibisha, shangazi, nami sikumjibu. Alikuwa akikohoa kama wewe." Nikaingiwa na baridi. Mara jirani yetu Chande akaja kunipongeza kwa ugeni. Alikutana nawe njiani ukiiwahi meli yako Mombasa, akadhani umeshakula kwetu. Nilikaa chini pale pale nikalia kwa sauti. Miaka minne, Waziri, na ruhusa yenyewe, kwa ulivyomwambia Chande, ya siku moja!

Mtoto alipojua ni babake alijaribu viatu, havikumpita vidole. Ulimnunulia yule uliyemwacha. Basi analala navyo.

Nakuomba usije ukadhani nilikuwa ndani nikakunyamazia kwa yale maneno yetu ya siku ulipoondoka. Wallahi, yalishanitoka moyoni zamani.

Mjomba Mbwana na mkewe wanakusalimu sana. Nisalimie binamu yetu Chirau ukimwona huko. Mola akuhifadhi baharini na nchi kavu, akurudishe kwetu salama.

Ukija tena, usiondoke baada ya tatu. Nimemwambia Mwanapili hodi ya nne ni ya babake. Sasa kila abishaye humhesabia kwa vidole, na ikifika ya tatu huwa ameshashika komeo.

Dada yako akupendaye, anayekungoja,
Mwanasha