Busha Ambalo Sikuwa Nalo

Jumanne. Joto la kunata, upepo hakuna, na mwenye shajara kanuna.

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba lile papai la uani, lililosubiriwa na nyumba nzima wiki tatu, leo limeliwa na kunguru. Msiba ni mkubwa.

Hiyo ndiyo habari niliyompa mke wangu aliporudi sokoni akauliza, "Baba Zuhura, huku kwema? Mbona uso umeukunja?"

Si kunguru aliyenikunja uso.

Nina miezi minane tangu nitolewe tezi dume. Mara ya kwanza saratani ilikuwa doa dogo. Madaktari wakalichoma doa peke yake, tezi ikaachwa. Nikajiona mjanja, nimetokea dirishani. Mwaka na nusu baadaye kipimo cha damu kikapanda, wakakata kinyama wakapima, maradhi yamerudi. Ikabidi itolewe yote. Daktari hakunificha: palipokwisha kuunguzwa nyama hugandana, kupasua ni kazi, na baadaye mkojo na mambo ya chumbani huchelewa kutengemaa. Pengine yasitengemae.

Damu sasa safi, alhamdulillahi. Mkojo ndio haujanisamehe. Nikikohoa, navuja. Nikiinuka, navuja. Msikitini naswali safu ya nyuma, karibu na mlango, mtu mzima na ndevu zangu, nimevaa nepi. Chumbani tumekuwa kaka na dada. Mke wangu hasemi neno, ananifunika shuka tu.

Heri angesema.

Haya nayaandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunisoma. Mtaani kwetu Makorora nilisema nimepasuliwa busha. Busha huku pwani watu wamelizoea, halimtishi mtu. Barazani wakanipokea: "Afadhali, bwana. Miaka yote ulikuwa unakuja na kiti chako mwenyewe." Nikacheka nao. Saratani nani angeitania?

Leo alasiri akaja Hemedi, kaka wa mke wangu. Akazunguka na habari za bei ya nazi, mwisho akasema: "Shemeji, siku hizi usiku naamka mara nne. Nasimama chooni nangoja, kama nangoja fundi aje afungue maji. Lakini nimejikagua mwenyewe, busha sina. Kwa hiyo si kama wewe. Nimepata mizizi Tongoni, nachemsha, nakunywa."

Nikamshika mkono, nikamweleza yote, nikamwambia akapimwe damu.

Uongo. Hata wewe shajara nakudanganya. Nilimwambia apunguze chai.

Akashukuru. Akatoka hadi mlangoni, anavaa viatu, nikamsikia anajisemea: "Alhamdulillahi, langu dogo."

Hapo niliinuka kumfuata, tena kwa haraka, na nepi nilikwisha kuivua kwa sababu ya joto. Kikoi kikalowa mpaka chini, mbele ya shemeji yangu, mchana kweupe.

Akatazama. Nikamwacha atazame.

"Busha sikuwa nalo, Hemedi," nikamwambia. "Ilikuwa saratani ya tezi dume. Lako huenda si saratani, inshallah siyo. Lakini mizizi haiwezi kukwambia. Damu itakwambia."

Hakucheka, naye ni mtu wa kucheka. Alikaa kizingitini, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akauliza kama inauma. Nikamwambia hapana, inaudhi. Inaudhi kila saa. Nikamwambia na ya chumbani, ingawa ni dada yake, na sote wawili tukawa tunatazama ukuta. Nikamwambia pia kwamba niko hai.

Tumekubaliana Alhamisi twende wote hospitali.

Akasimama, akavaa kiatu cha pili. "Na barazani wakiuliza, shemeji, niseme nini?"

Nilitaka kusema busha. Ulimi ulikwisha kujipanga.

Nikamwambia aseme alichokiona.