Kikao cha Dharura Kuhusu Shangazi Kusimamisha Mkanda wa Tatu

KAMATI YA UZALISHAJI, KIWANDA CHA SABUNI

Tarehe: Jumanne, 14 Mei
Mahali: Chumba cha chai (chumba cha mikutano kimejaa maboksi)
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Meneja wa Uzalishaji, Fundi Mkuu, Katibu, ambaye ni mtunza stoo
Aliyeitwa: Mpakiaji wa mkanda wa tatu, ambaye kiwanda kizima humwita Shangazi
Asiyehudhuria: Msimamizi wa zamu ya usiku, kwa udhuru wa usingizi

KUMB. NA. 1/5: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:05 mchana na kuomba simu zizimwe. Ya Meneja haikuzimwa.

KUMB. NA. 2/5: MKANDA KUSIMAMISHWA
Meneja alieleza kwamba saa 3 asubuhi Shangazi alibonyeza kitufe chekundu, ambacho ni cha msimamizi peke yake, na mkanda ukalala hadi saa 6. Geji zote zilisoma sawa. Alitaka Shangazi aachishwe kazi leo hii. Barua alikuwa nayo mfukoni. Alisema, "Kiwanda si jikoni kwa mtu." Aliomba maneno hayo yaandikwe kama yalivyo.

Shangazi alipoulizwa sababu alijibu, "Pumzi yangu iliishia kwenye mche wa kumi na moja." Meneja alicheka. Mwenyekiti alimtaka Shangazi afafanue.

Shangazi alisema kwamba kwa miaka kumi na tisa hupakia miche kumi na miwili ya sabuni kwa pumzi moja, akiitoa taratibu, wala hahesabu. Jana ilitosha. Leo miche ilikuja polepole zaidi, na pumzi ikakatika mche mmoja ukiwa bado njiani. Alijaribu mara tatu. "Nikajua mimi sijachoka, baba. Kilichochoka ni kisu."

KUMB. NA. 3/5: TAARIFA YA FUNDI
Fundi Mkuu alifungua gunia na kuweka mezani shafti aliyoing'oa asubuhi, chuma kinachozungusha kisu cha kukatia sabuni. Ufa ulikuwa umeizunguka. Kilichobaki kuishikilia hakizidi unene wa njiti ya kiberiti. Alieleza kwamba geji hupima mota, haipimi kisu. Shafti ingekatika kabla ya chakula cha mchana, na kisu kingewarukia wapakiaji.

Anayekaa wa kwanza mbele ya kisu hicho ni mdogo wake Katibu.

Wajumbe waliigusa shafti kwa zamu, polepole, kama mtu anavyogusa paji la mgonjwa. Katibu anakiri kwamba kalamu ilimdondoka.

KUMB. NA. 4/5: UAMUZI
Iliamuliwa kwamba kuanzia leo kitufe chekundu ni cha mpakiaji yeyote. Meneja aliichana barua mwenyewe, akamwomba Shangazi radhi, kisha akaomba afundishwe hiyo pumzi. Shangazi alikubali, ila kwanza aache sigara.

KUMB. NA. 5/5: KUFUNGA
Saa ya ukutani ilionyesha 9:10 alasiri. Shangazi alisema inachelewa dakika nne. Hakuna aliyebisha. Kikao kilifungwa saa 9:14.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................