Aliyewaonya Waanika Dagaa

Mabatini, Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeachia, na mihogo mmewahi kuianua kabla ya mvua. Mimi mzima. Nimeandika kwa mkono na kumpa shangazi Kulwa akukabidhi wewe mwenyewe, kwa sababu Baba simu huiweka spika, na haya si ya kusikika sebuleni.

Mama, nimehama kwa Baba Mdogo Deus.

Chuoni tulipewa kazi ya kuandaa kipindi cha redio. Nikachagua kina mama wanaoanika dagaa jirani na kiwanda cha samaki, kile anachoendeshea gari Baba Mdogo. Bomba la kiwanda linamwaga maji yanayonuka, na mikono ya wale mama imebabuka. Siku ya kwanza walinieleza yote, tukacheka, wakanifungia na dagaa. Niliporudi kurekodi, walinipa migongo. Mmoja akasema, "Nenda zako, Leokadia. Tumeshaambiwa unatafuta tufukuzwe ufukweni."

Mama, Leokadia huniita watu wa nyumbani tu. Kwao nilijitambulisha kama Leah.

Kuanzia hapo sikumwamini mtu. Hata Winfrida, ninayesoma naye darasa moja, nilimficha simu yangu. Kisha nikaona Baba Mdogo, ambaye hajawahi kuniuliza habari za masomo, sasa kila tukila anauliza, "Kesho unaelekea wapi, mwanangu?" Nikamwambia yeye peke yake kwamba Jumamosi nitakuwa soko la samaki, upande wa pili wa mji. Sikwenda. Asubuhi hiyo hiyo ndipo nikamwomba Winfrida aende, akamkuta msimamizi wa kiwanda anawauliza wauzaji kama wamemwona binti wa Nansio anayerekodi watu.

Jioni ile nilimuuliza Baba Mdogo mbele ya mkewe. Hakukana. Alikuwa anampelekea msimamizi habari zangu.

"Wewe utapata maksi," akasema. "Mimi nikifukuzwa, hawa watoto watakula kipindi chako?"

Mama Mdogo aliendelea kuchambua mchele, hakuinua hata kichwa. Nikajua naye alikuwa anajua.

Sasa naishi na Winfrida. Nilimweleza kwamba nilimshuku, akanuna siku nzima, kisha akapika ugali tukala. Mama wawili walikubali kuzungumza bila kutajwa majina, na kipindi kimeruka redio ya chuo. Bomba bado linamwaga. Baba Mdogo bado ana kazi.

Baba usimwambie kwanza, atapanda meli kuja kugombana na mdogo wake. Nisalimie bibi, na mdogo wangu Gaudensia mwambie sketi yangu ya bluu nimeihesabu.

Jana Baba Mdogo alikuja na sato wawili wakubwa. Tuliongea vizuri, mama, mpaka nikaanza kumwonea huruma. Alipofika mlangoni akageuka: "Na kipindi kijacho kinahusu nini?"

Nikamwambia mpira wa pete.

Binti yako,
Leokadia