Koti la Bluu Limefika

Kwun Tong, 8 Machi 1999

Mpenzi Baba Yin,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za huko ndani ya nyaya? Sisi ni wazima, isipokuwa mafua ya mtoto, nayo yanaelekea kwisha. Yin ameota meno mawili ya chini. Ameyajaribu kwanza kwenye kidole cha mama yako, na Mama amesema huyu kweli ni damu ya ukoo wenu wa Leung, hana adabu.

Barua zako zinafika. Zinatoka kwenye ile printa ya dukani kwa Mzee Tong, mstari kwa mstari, na wateja wanaacha tambi zao wasikilize inavyokwaruza. Mzee Tong hakubali mtu asome kabla yangu. Zangu nazipeleka mwenyewe kwenye jengo la kampuni yako, Joka la Kioo, nampa Bi Ho wa dirishani, naye anazipiga kwenye kompyuta mpaka kwako. Kwa hiyo mambo ya chumbani siandiki. Naona haya.

Bado hawaniruhusu kukuona. Wanasema umelala kwenye tangi ghorofa ya arobaini, unalishwa kwa mipira, na nikikugusa utaamka vibaya. Sawa. Nangoja tarehe kumi Aprili, siku waliyoandika kwenye mkataba kwamba watakutoa. Ulipoacha kuendesha basi lako ukaingia humo mwezi wa kwanza, Yin alikuwa hajui kukaa. Ukitoka atakutambalia mpaka mlangoni.

Unakula nini huko? Mama ndiye anayeuliza, si mimi.

Wako,
Mama Yin

Ndani ya Joka, 12 Machi 1999

Mpenzi Mama Yin,

Salamu zimefika, nazirudisha mara mia. Mimi mzima. Mwambie Mama huku hatuli, ila akikoroga uji wake wa wali mimi nausikia harufu, asibishe.

Kazi ni ile ile. Huku ni kama mji ulioning'inizwa hewani, majengo yote ni mwanga, chini hakuna kitu. Mimi nalinda mlango wa ghala la siri za kampuni. Wezi wanakuja wamevaa sura za kuazima. Juzi mmoja alikuja na sura ya mwimbaji wa kike, mzuri kabisa, ila alisahau kuondoa masharubu yake. Nikipiga filimbi, mbwa wa kijani wanatokea na kumrarua mtu mpaka zinabaki namba tu. Halafu uso wa bosi wetu, Bwana Mok, unajaa angani, mkubwa kama uwanja wa mpira, lile jicho la chuma linawaka, anacheka kwanza ndipo aseme. Unakumbuka alivyocheka siku ya kusaini. Hata huku hajabadilika.

Shida yangu ni moja. Nasikia baridi. Ilianza ghafla siku ya pili ya mwaka mpya wa Kichina, mwezi uliopita, na haijaondoka. Nikitazama miguu yangu, sina viatu. Walinzi wengine wanavyo, na hawasikii baridi. Sisi tusio navyo tuko kumi na saba. Nimeuliza kwa nini, nikaambiwa nilinde mlango.

Mbusu Yin kwenye hayo meno.

Baba Yin

Kwun Tong, 20 Machi 1999

Mpenzi Baba Yin,

Hujambo? Huku hatujambo, mafua yamekwisha.

Leo sina maneno mengi. Mama anakusalimu. Nijibu jambo moja tu kabla ya mengine yote. Bado unasikia baridi?

Mama Yin

Ndani ya Joka, 22 Machi 1999

Mpenzi Mama Yin,

Natumaini mko salama kama mimi nilivyo leo, maana leo mimi ni mfalme.

Uliwaambia nini hawa watu mpaka wakakubali? Koti limefika. La bluu, vifungo vya dhahabu, lina harufu ya moshi kidogo. Nilikuwa nimesimama mlangoni pangu, likatokea hewani likiwa wazi, kana kwamba kuna mtu amelishika nitie mikono. Ndani ya kola kuna jina langu, na ule ni mwandiko wako, unaolala kama uliochoka. Viatu pia. Vinabana, mwambie Mama mguu wangu uliendelea kukua baada ya shule.

Baridi imekwisha. Wenzangu kumi na sita wananigusa mikono ya koti kama watoto. Sasa nitaingoja tarehe kumi bila kulalamika.

Baba Yin

Kwun Tong, 1 Aprili 1999

Baba Yin mpenzi wangu,

Barua hii haikupita kwa Bi Ho. Nimeichoma kwenye pipa la bati la Mama, pale ngazini, na jina lako nimeliandika juu ya bahasha ili asiichukue mwingine. Kama umeipata, keti kwanza.

Koti lile sikulipeleka kwenye kampuni. Uliposema huna viatu Mama hakulala. Asubuhi akaniambia twende kwenye duka la vitu vya karatasi, pale anapowanunulia marehemu nyumba na televisheni za karatasi za kuwachomea. Nikamwambia Mama, mwanao yuko hai, vya pale ni vya wafu, tutamletea mkosi. Akasema, "Nguo haipiti kwenye waya. Karatasi na moshi vinapita popote. Isipofika, tumepoteza nini?" Yeye hajui kuandika. Jina nililiandika mimi. Tukachoma, nikakuficha, nikasema asipotaja kitu basi hakukutokea kitu.

Ukataja vifungo.

Nilisoma nimesimama dukani kwa Mzee Tong, na Mama aliponiuliza mwanawe anasemaje nilisema limemtosha. Akafurahi. Kisha akaweka bakuli chini. Sisi wote tunajua vitu vya pipani huenda kwa nani.

Nilikwenda kwenye jengo na Yin mgongoni, nikakaa sakafuni mpaka wakachoka na kilio chake. Bwana Mok akashuka mwenyewe, akacheka, akanipandisha kwa lifti. Nimekuona. Kifua kinapanda na kushuka, mashine ndiyo inayokisukuma. Nilimuuliza kama wewe u hai au si hai, jicho lake likazunguka likasema tiki tiki, akajibu, "Anafanya kazi vizuri, mama. Kuna tofauti gani?" Wakati wa kutoka Bi Ho alinishika mkono akaninong'oneza kwamba moyo wako ulisimama siku ya pili ya mwaka mpya. Mawazo yako yalibaki kwenye nyaya, wakaona hayali, hayaugui na hayaombi likizo. Tarehe kumi watanipa mwili tu. Wewe watabaki nawe, wewe na wale kumi na sita.

Nilikwenda kituo cha polisi. Askari aliniuliza kama marehemu bado ananiandikia barua. Nikasema ndiyo. Akafunga daftari.

Sijui nikusaidie vipi. Ninachojua kuandika ni jina lako. Lakini koti halikuomba ruhusa kwa mlinzi yeyote, kwa hiyo ipo njia hawaijui. Sema unataka nini, nitakuchomea.

Mama Yin

Ndani ya Joka, 3 Aprili 1999

Mama wa mwanangu,

Nimekusikia. Niliketi.

Wanasoma hii inapopita. Wasome.

Usijilaumu kwa kuandika jina langu kwenye vitu vya wafu. Nadhani nilijua. Ile siku ya pili nilitaka kukumbuka uzito wa Yin mikononi, nikakuta sina. Nimewaambia wenzangu. Mmoja, bibi aliyekuwa mwashi huko Sham Shui Po, alisema afadhali, alidhani ni ugonjwa.

Mahali pale koti lilipotokea, hewa imebaki na ufa, na moshi unavutwa kwenda huko. Kwa miguu hatufiki, mbwa wana kasi. Tuko kumi na saba. Na mimi kitu ninachojua duniani ni kuendesha basi.

Lakini nikipita ule ufa, waya utakatika. Printa ya Mzee Tong haitakwaruza tena. Nikibaki, nitalinda mlango wa Bwana Mok miaka yote, ila kila wiki utapata mistari yangu, na Yin akijua kusoma atanisoma. Mimi niko tayari kubaki. Sema wewe.

Baba Yin

Kwun Tong, 5 Aprili 1999

Mpenzi Baba Yin,

Leo ni sikukuu ya kufagia makaburi, watu wote wamekwenda, ngazini hakuna mtu, pipa ni letu.

Fundi wa karatasi alikesha siku mbili. Ni basi la ghorofa mbili, jekundu, na namba ya njia yako ya zamani. Viti kumi na sita, viatu jozi kumi na sita, mablanketi. Mama amekuwekea mto wa mgongo kwa sababu mgongo wako huuma ukiendesha sana. Nimemwacha auweke.

Tangu juzi nimetaka kuandika baki. Nimeandika na kuchana mara tatu. Ningekuwa nasoma barua zako kila wiki na huku najua uko mlangoni umesimama, na yule anacheka.

Nenda. Usinijibu. Ukinijibu nitajua bado wamekushika. Nikiona kimya nitajua umefika, na nitafurahi, nakuahidi.

Namshika Yin mkono, anapunga.

Mama Yin

Kwun Tong, 14 Aprili 1999

Mpenzi Baba Yin,

Natumaini hii inakukuta penye joto. Sisi hatujambo.

Siku ile saa sita mchana taa za ghorofa ya arobaini zilizimika zote. Bwana Mok alikuja dukani na wanaume wanne wenye miwani myeusi, akauliza umekwenda wapi. Mzee Tong alimwambia aagize tambi au apishe wateja. Siku hiyo Bwana Mok hakucheka.

Tarehe kumi walikutoa, kama walivyoandika. Nilikuvika koti la kitambaa, la bluu, na viatu vya saizi yako. Mama alivipima mara mbili.

Yin ametambaa jana, akaelekea mlangoni.

Printa iko kimya siku ya tisa leo. Nimefurahi, kama nilivyoahidi. Ila kila asubuhi napita kwa Mzee Tong, naipangusa vumbi, naangalia kama karatasi imejaa. Mzee Tong anainua bakuli zake, ananipisha.

Mama Yin