Kamba ya Mihuri Mitatu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama, shikamoo yako imefika. Huku Tanga hatujambo, alhamdulillahi. Mjomba wako Bakari kapata meno ya bandia, ila huyavua wakati wa kula ili yasichakae.

Umeuliza kama uongeze wakaguzi hapo kiwandani kwenu, maana bidhaa mbovu hazipungui. Mimi usichanani nilikuwa mkaguzi katika kiwanda cha kamba za mkonge. Kamba zilipozidi kukatika, meneja akatuweka wakaguzi watatu, kila mmoja na muhuri wake. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikishaona mihuri miwili kwenye kibandiko, nagonga wa tatu bila kutazama kamba. Wenzangu nao hawakutazama, kwa kuwa mimi nipo.

Siku moja akaja mzee kutoka Moa, kashika kipande cha kamba yetu.

"Mihuri yote mitatu hii hapa," akasema. "Ng'ombe wangu kaikata, sasa yuko Horohoro, anavuka mpaka kwenda Kenya."

Niliona haya. Nikamfuata Mwanaidi, aliyeendesha mashine ya kusokota, nikamuuliza kamba zinakatika kwa nini.

"Nyuzi zinaletwa hazijakauka."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Nyie mlishughulika na mihuri."

Nyuzi zikaanikwa siku moja zaidi, kamba zikashika. Meneja akanisifu mbele ya watu, nami, Mungu anisamehe, ilinichukua wiki nzima kumtaja Mwanaidi.

Basi mwanangu, kawaulize wanaoshika mashine, kisha unyamaze wakujibu. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi mpaka leo sijaweza.

Bibi yako akupendaye,
Mwanahamisi