Walimu Wawili, Ubao Mmoja

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila nimechoka mpaka kwenye kucha.

Nimepangiwa darasa la tatu kama mwalimu wa elimu maalumu, nifundishe pamoja na mwalimu wa darasa. Pamoja gani! Yeye ubaoni, mimi nyuma kabisa na watoto wangu watatu: wawili kusoma kunawapa shida, na binti mmoja hasikii vizuri. Nikiwaelekeza kwa sauti ya chini, mwenzangu anakatiza: "Mwalimu, unanipigia kelele." Darasa zima linacheka. Nafikiria kuomba uhamisho.

Mdogo wako

12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Uzee haupigi hodi.

Usihame kwanza. Usimshtaki kwa mkuu wa shule, wala usimfundishe kazi yake. Muulize tu ni kitu gani kinamwelemea. Kisha nyamaza, umsikilize.

Dada yako

30 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, kazi imenikaba koo. Wajukuu hawajambo?

Wiki tatu nilikuwa namkwepa. Nilipomuuliza hatimaye, alikaa juu ya dawati, chaki mkononi. "Watoto sabini na wawili," akasema. "Na kila ukiingia, naona umetumwa kunikagua." Kumbe tulikuwa tunaogopana!

Sasa kila Ijumaa, watoto wakishatoka, tunapanga masomo ya wiki, nusu saa nzima ya kupiga miayo. Hatupatani kwa kila jambo. Jana tu tumegombana kuhusu mtihani. Lakini ameacha kuongea akiwa ameugeukia ubao. Binti yule anamsoma midomo, na juzi alinyoosha mkono, akajibu. Mara ya kwanza tangu mwaka uanze! Mwenzangu alitoka nje kufuta macho. Nikaokota chaki, nikaendelea alipoishia, na hakuna mtoto aliyeshangaa.

Lile swali ulilipata wapi?

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Wajukuu wazima, wananimaliza.

Swali nililipata nikiwa nimeshachelewa. Mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha niliwekewa darasani mwalimu kama wewe. Nilimnyima hata kiti. Muhula haukuisha, akaacha ualimu kabisa, nami nikasema afadhali. Sikuwahi kukuambia, niliona aibu.

Juzi nimepata anwani yake. Nimemwandikia ukurasa mmoja, kwamba kosa lilikuwa langu. Nimeupeleka posta mwenyewe. Asipojibu, ana haki.

Dada yako