Vyombo, Baba

Mwenzangu, uko wapi? Leo nimeaibika.

Nimetoka kwenye ibada ya jumuiya, kwa mama mchungaji. Eti nifunge ibada kwa sala. Mimi! Mtu ambaye vyombo vimejaa kwenye sinki tangu Jumapili na nguo zimevunda kwenye beseni.

Nikafumba macho. Kichwa kitupu kabisa. Mdomo ukajiendea wenyewe:

"Baba Mungu, asante kwa kusubiri. Nikusaidie nini?"

NIKUSAIDIE NINI! Namuuliza Mungu! Tena kwa ile sauti yangu ya kazini, ya kupokea simu za wateja.

Wifi yangu kajiziba mdomo kwa mtandio. Mama mchungaji, macho kafumba vilevile, akasema taratibu, "Mwambie wewe, mwanangu. Una shida gani?"

Nikasema, "Vyombo."

Basi. Vyombo. Wakaitikia amina kama vile nimehubiri.

Hata kulia sijalia. Niko kama gogo.

Nimefika nyumbani, nimesimama hapa kwenye sinki na mkoba bado begani. Nimeosha kikombe kimoja. Nikamwambia, "Bado nipo kwenye laini, Baba. Usikate simu."

Ngoja nioshe cha pili.